Kitabu cha Picha cha Maharana

Upande wa kaskazini-magharibi wa Bara Hindi iko nchi iitwayo Rajasthan. Sehemu yake moja ni jangwa la mchanga, na sehemu nyingine ni milima ya Aravalli, yenye mabonde na maziwa. Katika milima hiyo ulikuwapo zamani ufalme wa Mewar, na mji wake mkuu ulikuwa Udaipur, uliojengwa kando ya ziwa katika karne ya 16. Wafalme wa Mewar waliitwa Maharana. Nao walijisifu kuwa wao ni wa ukoo wa Jua, ukoo ule ule aliozaliwa Rama, shujaa mkuu wa hadithi za Wahindu.

Maharana mmoja, jina lake Jagat Singh, alitawala tangu mwaka 1628 hata 1652. Kabla ya zamani zake Mewar ilikuwa imeona taabu nyingi. Mwaka 1568 jeshi la Akbar, mfalme mkuu wa Waislamu waitwao Mughal, liliuteka mji wa Chittor, uliokuwa mji mkuu wa Mewar wakati ule, na kuuharibu. Vita viliendelea miaka mingi, hata mwaka 1615 amani ikafanywa. Basi Jagat Singh, alipopata raha ambayo wazee wake hawakuipata, aliamuru aandikiwe habari zote za Rama, tena zitiwe picha toka mwanzo hata mwisho. Habari hizo huitwa Ramayana, nazo zimegawanyika katika vitabu saba. Picha zilizochorwa kwa amri yake zilikuwa zaidi ya 400.

Ni nani waliofanya kazi hiyo kubwa? Mfalme alikuwa Mhindu. Mwandishi wa maneno, jina lake Hirananda, alikuwa mtu wa dini ya Jain, dini inayokataza kabisa kuua kiumbe cho chote, hata mdudu. Kitabu cha kwanza kilichorwa mwaka 1649 na mchoraji aitwaye Manohar. Kitabu cha pili, mwaka 1650, na kitabu cha sita, mwaka 1652, ambacho ndicho kitabu cha vita, vilikuwa kazi ya Sahibdin na mafundi waliomsaidia. Na Sahibdin alikuwa Mwislamu. Hakuwa kijana tena, maana iko kazi yake nyingine iliyoandikwa mwaka 1628.

Msidhani kwamba jambo hili lilikuwa la ajabu katika nchi ile. Yule Akbar aliyeuharibu mji wa Chittor ndiye aliyeamuru, mwaka 1582, kwamba kitabu kingine kikuu cha Wahindu, Mahabharata, kifasiriwe katika lugha ya Kiajemi na kutiwa picha, na wengi wa wachoraji wake walikuwa Wahindu. Fundi hodari alitafutwa kwa uhodari wake.

Sasa yanipasa kuwapa hadithi yenyewe, ingawa kwa kifupi, kwa maana asiyeijua hadithi ataiona picha lakini hataisoma. Kwa lugha ya Sanskrit ina beti zipatazo 24,000, na mtungaji wake hutajwa kuwa Valmiki.

Katika mji wa Ayodhya alikuwako mfalme Dasharatha, mwenye wake watatu na wana wanne. Alipokuwa mzee akataka kumtawaza Rama, mwanawe wa kwanza. Lakini mkewe mmoja, Kaikeyi, alikuwa ameahidiwa na mfalme zamani kwamba atapewa mambo mawili yo yote atakayoyaomba. Siku ile akayaomba: mwanawe yeye, Bharata, atawazwe, na Rama afukuzwe aende mwituni miaka kumi na minne. Mfalme akalia na kubembeleza, lakini alikuwa ametoa neno lake. Rama hakugombana na mtu. Akaondoka, na Sita mkewe pamoja na Lakshmana nduguye wakamfuata. Mfalme akafa kwa huzuni.

Huko mwituni Sita aliibwa kwa hila na Ravana, mfalme wa mazimwi, mwenye vichwa kumi na mikono ishirini, akachukuliwa angani hata kisiwa cha Lanka. Rama akamtafuta pasipo kumwona, hata akafanya urafiki na mfalme wa kima. Kima mmoja, Hanuman, akaruka juu ya bahari, akamkuta Sita amefungiwa katika bustani ya Ravana. Ndipo kima na dubu walipotupa mawe baharini, wakajenga njia, wakavuka. Vita vikawa vikali sana. Mwisho Ravana akauawa, na Rama akarudi Ayodhya kutawazwa. Diwali, sikukuu ya taa inayoadhimishwa na Wahindu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, kwa wengi wao ni ukumbusho wa kurudi huko. Na katika maduka ya Wahindi wa pwani yetu, kalenda za ukutani aghalabu zimeonyesha picha za Rama na Hanuman; lakini hizo hupigwa chapa kwa maelfu. Hizi tunazozisoma leo kila moja ilichorwa kwa mkono, nayo ni moja tu duniani.

Umbo la kitabu cha Maharana halikuwa kama la kitabu hiki mlicho nacho mkononi. Zamani sana watu wa Bara Hindi waliandika juu ya makuti ya mitende ya kwao, na ukuti ni mrefu kwa upana na mfupi kwa kimo. Karatasi ilipokuja hawakuliacha umbo lile. Karatasi za Ramayana ya Mewar zina upana wa sentimeta 39 hivi, na kimo cha sentimeta 23 hivi, wala hazikushonwa pamoja. Upande mmoja wa karatasi una maneno, na upande wa pili una picha. Msomaji huketi chini, huchukua karatasi moja, huisoma, huigeuza, huitazama, kisha huiweka na kuchukua ya pili. Kwa hiyo picha hizi hazikuchorwa ili zitundikwe ukutani na kutazamwa kutoka mbali. Zilichorwa zikae mkononi, karibu na uso, na ndiyo sababu fundi alijisumbua kuchora hata kucha za kima.

Kazi ya kuchora ilianza kwa karatasi. Vipande kadhaa vya karatasi iliyotengenezwa kwa mkono viligandishwa pamoja kwa gundi, vikawa kitu kimoja kigumu. Fundi akachora kwanza kwa mistari myepesi. Kisha akapaka rangi nyeupe nyembamba juu yake, mistari ikaonekana kidogo tu kwa chini. Akaichora tena, safari hii akisahihisha. Baadaye akapaka rangi, moja baada ya moja, na mara kwa mara akaigeuza picha kifudifudi juu ya jiwe laini, akaisugua mgongoni kwa jiwe la akiki. Kusugua huko hushikamanisha rangi na karatasi na kuipa mng'ao. Mwisho kabisa akachora macho, nywele na vito, kwa burashi ya manyoya ya kuchakuro, ambayo huchongoka kama sindano.

Jinsi kazi ilivyokwenda twaweza kuiona katika picha ambazo hazikumalizika. Katika mji mdogo wa Guler, chini ya milima ya Himalaya, mchoraji Manaku alianza yapata mwaka 1725 kuchora habari za kuzingirwa kwa Lanka, kwa karatasi kubwa sana. Nyingine alizimaliza kwa rangi na dhahabu. Nyingine zimebaki mistari mitupu, na juu yake waweza kuona mahali alipochora mkono, asipendezwe nao, akauchora tena.

Rangi zilitoka mahali pengi. Buluu ya nili ilitoka katika majani ya mnili. Buluu nyingine, iliyo ghali zaidi, ilitoka katika jiwe lililochimbwa katika milima ya Badakhshan, upande wa Afghanistan. Rangi ya kijani ilitoka katika jiwe lenye shaba, lile lile lichimbwalo kwa wingi Katanga katika Kongo. Nyekundu ilitoka katika madini yenye zebaki na kiberiti, ambayo watu wa pwani huiita zingefuri. Nyeusi ilikuwa masizi ya taa. Dhahabu ilipondwa hata ikawa unga, ikachanganywa na gundi. Na iko rangi moja ya manjano iliyotumika katika picha nyingi za Bara Hindi, ambayo wengi walikataa kuamini habari zake. Mwaka 1883 Mhindi mmoja aliyetumwa kuchunguza alieleza kwamba aliona karibu na mji wa Monghyr ng'ombe wakilishwa majani ya mwembe, na mkojo wao ukichemshwa hata ukawa donge la manjano. Watu wakabishana miaka zaidi ya mia. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba Mhindi yule alisema kweli.

Sasa na tuichukue karatasi moja. Imetoka katika kitabu cha sita, kitabu cha vita, nayo ni kazi ya Sahibdin.

Kwa mtazamo wa kwanza macho huchanganyikiwa, kama mtu aingiaye sokoni siku ya gulio. Hapa kuta za dhahabu, pale kundi la kima, hapa jeshi la mazimwi wenye pembe na meno, na juu gari lirukalo hewani. Tena utamwona mtu mmoja yule yule zaidi ya mahali pamoja. Msiigeuze karatasi upesi. Kwanza tukumbuke maneno yaliyo katika hadithi.

Ravana alikuwa na mwana, jina lake Indrajit, aliyejua uchawi wa kupigana asionekane. Alijificha hewani akawapiga Rama na Lakshmana kwa mishale, na mishale ile ikageuka nyoka, ikawafunga miili yao yote. Ndugu wawili wakaanguka chini. Kima wakawazunguka wakilia. Indrajit akarudi mjini kwa furaha, akamwambia baba yake kwamba adui wamekufa, na Ravana akamkumbatia. Kisha Ravana akafikiri jambo la ukatili. Akaamuru Sita apandishwe katika gari lirukalo, apelekwe juu ya uwanja wa vita, auone mwili wa mumewe kwa macho yake mwenyewe, ili akate tamaa. Pamoja naye alikwenda mzimwi mwanamke, Trijata, ambaye moyo wake ulikuwa mwema.

Mambo hayo yote yamo katika picha moja. Indrajit atupaye mishale ndiye Indrajit arudiye mjini, tena ndiye akumbatiwaye na baba yake. Mchoraji hakusahau kwamba amekwisha kumchora. Anasimulia. Msimulizi wa hadithi kwa kinywa husema "kisha", na tena "kisha"; naye Sahibdin, asiyekuwa na kinywa juu ya karatasi, husema "kisha" kwa kumchora mtu yule yule mara ya pili mahali pengine. Sisi tumezoea picha za kamera. Kamera hushika kitambo kidogo sana, kama kupepesa jicho, na kwa ajili hiyo twadhani kila picha ni kitambo kimoja. Picha ya Sahibdin ina siku nzima ndani yake, nawe huna budi kutembea ndani yake kwa macho, kutoka uwanjani hata jumbani, na kutoka jumbani kupanda juu hewani.

Watu watambulikanaje katika msongamano ule? Kwa alama zisizobadilika. Rama ni wa buluu. Lakshmana nduguye ni mweupe wa kung'aa. Ravana ana vichwa vyake kumi vilivyopangwa mstari mmoja, na wachoraji wengine wa Bara Hindi humwekea juu ya vyote kichwa cha punda. Kuta za jumba zimekatwa mbele, ili tuone yaliyo ndani na yaliyo nje kwa wakati mmoja. Hakuna vivuli. Mtu aliye mbali si mdogo kuliko aliye karibu.

Nimewasikia watu wakisema kwamba wachoraji wa namna hii walichora hivyo kwa kuwa hawakujua njia nyingine. Mimi sikubali. Mapadre Wazungu walifika katika jumba la Akbar tangu mwaka 1580, wakileta picha za kwao zenye vivuli, na wachoraji wa Mughal wakaziiga upesi. Na kazi ya Sahibdin yenyewe huonyesha kwamba alizijua kazi za Mughal. Angalitia kivuli, ingalimpasa kuchagua saa moja ya siku, maana jua haliko mahali pawili. Na angaliwafanya wa mbali kuwa wadogo, ingalimpasa kuchagua mahali pamoja pa kusimama, na kutoka mahali pale jumba lingalificha uwanja. Kazi yake ilikuwa kusimulia, akachagua njia inayofaa kazi yake.

Tena liko jambo moja katika picha hii ambalo kwangu ni bora kuliko dhahabu yake yote. Tazameni tena gari la Sita. Yeye yuko juu, anatazama chini, anaona ndugu wawili wamelala kati ya kima waliao. Na sisi tulioshika karatasi mkononi twatazama kutoka wapi? Kutoka juu vile vile. Ravana alimpandisha Sita mahali pale pale ambapo mchoraji ametupandisha sisi. Tofauti ni moja tu: sisi tumesoma mgongo wa karatasi, nasi twajua kwamba hawakufa. Sita hajui. Katika hadithi Trijata ndiye amwambiaye atazame vizuri, kwa kuwa nyuso za watu wale hazijapoteza nuru yake, na uso wa maiti hauwi hivyo. Baadaye atakuja Garuda, mfalme wa ndege, adui wa nyoka wote, na nyoka watakimbia, na ndugu wataamka. Lakini hayo bado.

Pengine mmejiuliza kwa nini Rama ni wa buluu. Wahindu huamini kwamba Rama ni Mungu wao Vishnu aliyezaliwa katika umbo la mwanadamu, kama alivyozaliwa pia mara nyingine kwa jina la Krishna. Na katika vitabu vyao rangi ya mwili wake hufananishwa na wingu la mvua. Katika nchi kavu kama Rajasthan watu hungoja mvua miezi mingi, wakitazama upande wa kusini-magharibi, ambako upepo huleta mawingu katika mwezi wa Juni au Julai. Wingu jeusi lenye rangi ya buluu chini yake, kwao ni uzuri mtupu. Mkulima ye yote wa kwetu aliyekwisha panda mahindi akakosa mvua hahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Isije mkadhani kwamba kitabu cha vita ni machozi tu. Ravana alikuwa na ndugu jitu, jina lake Kumbhakarna, ambaye kwa laana hulala miezi sita, kisha huamka siku moja tu, akala, akalala tena. Vita vilipokuwa vibaya kwa mazimwi, Ravana aliamuru aamshwe. Hadithi husema walirundika mbele yake nyama na pombe kama vilima. Wakapiga ngoma na baragumu masikioni mwake. Wakampiga kwa marungu. Wakawapitisha tembo juu ya mwili wake. Wachoraji wamelipenda sana jambo hili, na mtu hawezi kuzitazama picha zake asicheke. Jitu limelala limejaa karatasi, na mazimwi wadogo wanahangaika juu yake kama siafu juu ya mzoga. Alipoamka alimwambia Ravana wazi kwamba kumwiba Sita lilikuwa kosa. Ila alikwenda vitani, kwa kuwa ni ndugu, akafa huko.

Habari za Krishna nazo zilichorwa sana, hasa katika milima ya kaskazini. Kule Guler, Manaku niliyemtaja na nduguye Nainsukh walikuwa wana wa Pandit Seu, naye mchoraji, na wana wao na wajukuu wao wakaishika kazi ile ile. Picha za milimani ni laini kuliko za Mewar. Miti ina maua, na mito imepinda taratibu. Humo huonekana Krishna akiuinua mlima Govardhan kwa kidole kidogo cha mkono wake, akiushika siku saba kama mwavuli, na wachungaji na ng'ombe wao wamejikinga chini yake na mvua ya hasira ya Indra. Ni picha za kupendeza mno. Lakini kwa kusimulia vita, mimi namchagua Sahibdin.

Jagat Singh alikufa mwaka 1652, kabla ya kitabu chake kumalizika. Karatasi za kitabu cha saba zimeandikwa mwaka 1653, wakati wa mwanawe Raj Singh. Karatasi zote zikakaa katika nyumba ya Maharana kwa muda wa zaidi ya miaka 150.

Kisha Waingereza wakawa na nguvu katika Bara Hindi. Mwaka 1818 walimtuma Udaipur mtu wao, James Tod, aliyependa sana kukusanya habari za kale za Rajasthan. Maharana wa wakati ule, Bhim Singh, akampa baadhi ya vitabu vya Ramayana ile. Tod akarudi Uingereza mwaka 1823, akavichukua pamoja naye, akampa mwana wa mfalme, Mtawala wa Sussex. Huyo alipokwisha kufa mali yake iliuzwa, na mwaka 1844 vitabu vile vikanunuliwa viwekwe katika Makumbusho ya Uingereza, jijini London. Sasa vimo katika Maktaba ya Uingereza katika mji ule ule.

Lakini Tod hakupewa vyote. Karatasi nyingine zilibaki Rajasthan, na nyingine zikaishia katika makumbusho ya Mumbai na mikononi mwa watu mbalimbali. Basi hadithi ikakatika. Aliyetaka kuona Rama akizaliwa alipaswa kwenda mahali pamoja, na aliyetaka kumwona akishinda alipaswa kuvuka bahari. Wala hata kule London hakuona yote, kwa maana karatasi ikiwekwa nyuma ya kioo huonyesha upande mmoja tu. Watazamaji waliona picha; maneno yalikuwa yameelekea ukutani.

Mwaka 1818 hakuna aliyemlazimisha Maharana kwa bunduki atoe kitabu, nami sitaki kusema kwamba Tod aliiba. Lakini zawadi itolewayo na mnyonge kwa mtumishi wa mwenye nguvu si sawa kabisa na zawadi baina ya majirani. Wako wanaosema kwamba huko London karatasi zimetunzwa vizuri, zisiliwe na mchwa wala zisiharibiwe na unyevu, na neno hilo ni kweli. Wako wanaosema kwamba kitabu cha mji kingefaa kukaa mjini kwake, na neno hilo pia lina uzito. Mjadala wa namna hii upo hata leo katika nchi nyingi ambazo vitu vyao viko ng'ambo.

Mwaka 2014 Maktaba ya Uingereza na makumbusho ya Mumbai, pamoja na wengine wenye karatasi hizo, walimaliza kazi ya kuzipiga picha, pande zote mbili, na kuziweka pamoja katika intaneti kwa utaratibu wake wa kwanza. Karatasi zenyewe hazikuondoka mahali pake. Lakini mtu aliye Udaipur, au aliye Tabora, akifungua mashine yake, aliweza kumfuata Rama kutoka karatasi iliyo Mumbai hata karatasi iliyo London bila kupanda merikebu. Na akimwona Sita katika gari lile la hewani, aliweza kuigeuza karatasi na kusoma mgongoni kwamba Rama yu hai.